TB 2 kwa Elfu Kumi na Tano? Twende Kwenye Mizani

"Kaka, nimeona flashi ya TB 2 Kariakoo, wanauza elfu kumi na tano. Nichukue moja au mbili?"

Ujumbe huo ulinifikia juzi usiku, na msomaji aliyeutuma aliambatanisha na picha: flashi ya bati inayong'aa, imeandikwa 2TB, yaani GB 2,000, kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikamjibu asichukue hata moja. Akauliza kwa nini. Angejua swali hilo lina kidonda kwangu, asingeuliza usiku ule, maana nilimjibu kwa sauti za dakika tano tano mpaka akalala.

Kidonda chenyewe ni cha harusi. Kwenye familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", cheo kisicho na mshahara. Televisheni ikigoma kushika chaneli naitwa mimi, shangazi akisahau nywila naulizwa mimi, bando likiisha kabla ya wakati nashukiwa mimi. Basi mdogo wetu alipokuwa anaolewa nikawekwa kamati ya picha. Mpiga video akasema kazi yote mbichi atatukabidhi, tulete pa kuiwekea. Mjomba, mweka hazina wetu, mtu anayependa sana isikike kwamba ameokoa hela ya kamati, akaja na flashi ya TB 2 ya bei chee kama hiyo.

Nikaandika kwenye grupu kwamba kitu hicho kwa bei hiyo hakipo duniani, diski ya kweli ya TB 2 ni laki kadhaa. Majibu niliyoyapata bado ninayo. "Ujuaji mwingi." "Huyu kwake kila kitu feki." Shangazi yuleyule wa nywila akaweka vikaragosi vya kucheka. Kesho yake nikahamishiwa kamati ya vinywaji.

Mpiga video akahamisha kazi yake. Kompyuta ikasema tayari, majina ya mafaili yakaonekana yote, ukubwa wake umekaa sawa. Akafuta kadi zake akaenda kurekodi harusi ya watu wengine. Sisi tukajaa sebuleni kwa mjomba, juisi mezani, tuangalie.

Kamera yake ilirekodi video kali ya 4K kwa kasi ya Mbps 100, yaani kama GB 45 kila saa. Ndani ya ile flashi mlikuwa na GB 32. Piga hesabu mwenyewe: dakika arobaini na ushee. Na dakika arobaini za kwanza za siku ile zilikuwa za vijana wa mapambo wakipanga viti na kubishania rangi ya vitambaa. Tuliangalia viti. Bi harusi kuingia ukumbini, mama kutoa machozi, keki, hakuna. Kila faili lililofuata lilikataa kufunguka. Mjomba akasema labda televisheni haina nguvu. Mimi nikanyamaza. Sikunyamaza sana.

Inavyofanyika ni hivi. Kila flashi ina chipu ndogo inayoiambia kompyuta "mimi nina nafasi kiasi hiki". Matapeli hukaa na chipu hiyo wakaifundisha kudanganya. Ni daftari la kurasa 32 ambalo jalada lake limeandikwa kurasa 2,000, nawe unaandika kwa kuamini jalada. Nyingine zikijaa huanza kuandika juu ya vilivyotangulia, nyingine hutupa kila kinachozidi huku zikikuonyesha asilimia mia. Orodha ya majina ya mafaili hukaa mwanzoni, kwenye nafasi ya kweli, ndiyo maana unaona kila kitu kipo kumbe hakipo.

Sasa ushauri, maana najua ndicho ulichofuata. Wenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, wenye Linux na Mac kuna F3. Zinaijaza flashi mpaka pomoni, kisha zinasoma kilichoandikwa kama ndicho. Shida ni muda. Kwenye flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuijaza TB 2 ni zaidi ya siku mbili, na pale dukani wameshabandika karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kibaki bei. Bei ikikuchekesha, ondoka. Na ukishahamisha kitu cha maana, chomoa, chomeka tena, fungua faili la mwisho kabisa, siyo la kwanza. La kwanza siku zote linafunguka.

Tukija kwenye pawabenki, hapo mimi nina ushindi, na nitausimulia mpaka mwisho. Wiki iliyopita nimepita dukani nikakuta moja imeandikwa mAh 100,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), inaingia mfuko wa shati. Muuzaji kijana mzuri, ananiita "boss", anasema inachaji simu mwezi mzima. Nikamwomba niipeleke duka la jirani, kwa muuza mchele mwenye mizani ya dijitali. Mama wa mchele akaniuliza siku hizi simu zinauzwa kwa kilo? Nikamwambia mama, zingeuzwa kwa kilo tungepona wengi. Ikasoma gramu 190.

Betri zile za duara zinazowekwa ndani ya pawabenki nyingi, wanaziita 18650, moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na iliyo bora haizidi sana mAh 3,500. Ili ufike 100,000 unahitaji kama 29, hapo ni zaidi ya kilo moja na robo kabla ya kuweka plastiki. Gramu 190 ni betri tatu na maneno mengi. Kijana alicheka, akaniuliza nafanya kazi wapi. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao wakairudisha ya kwao. Laiti mjomba angekuwepo!

Unayetaka mAh 20,000 ya kweli, ikiwa chini ya gramu 300 iache. Na hata hiyo ya kweli haitakupa 20,000. Namba hiyo imepimwa kwenye volti 3.7 za betri, ila simu inapokea volti 5, na njiani kuna inayopotea kwa joto, hivyo unapata kama 12,000 hivi. Waungwana huiandika namba hii ya pili nyuma, kwa maandishi madogo. Ukiikuta, mwamini mtengenezaji. Usipoikuta, kapime mchele.

Simu za RAM "8+8" (RAM ni kumbukumbu ya haraka ambayo simu inafanyia kazi) sitazikalia sana. Nane ni RAM, nane ya pili imekopwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole mno. Hesabu ya kwanza tu.

Vijana wenzangu, tunajua kubishana kuhusu simu ipi kali kuliko ipi mpaka saa nane usiku, halafu asubuhi tunanunua kwa kusoma boksi. Tuache. Tarakimu kubwa ni wino tu, na wino ni bei rahisi. Nasema kwa ukali kwa sababu naona mnanitumia picha baada ya kununua, si kabla.

Halafu kuna jamaa yangu, yeye alinisikiliza kwa kuchelewa. Alikuwa anasafiri na pawabenki kama ile ya mAh 100,000. Kwenye ndege, pawabenki inayoruhusiwa bila kuomba ni ya mpaka Wh 100 (Wh ni kipimo cha nishati), ikizidi 160 haipandi kabisa, na mAh 100,000 mara volti 3.7, ukigawa kwa elfu, ni Wh 370. Mkaguzi akaisoma, akaiweka pembeni. Jamaa akaanza kumweleza kwa unyenyekevu kwamba afande, hii ni feki, ndani haina hata 10,000, kuna rafiki yangu amenithibitishia kwa mizani. Afande akamwambia yeye anasoma kilichoandikwa.