Re: Kutoka 491 kwenda PR kwa njia ya 191, nina ofa ya kazi Melbourne, je nitaharibu?

Mkuu mleta mada, nimepitia swali lako na majibu ya wadau wote hadi ukurasa wa mwisho. Naona watu wanakutisha kwa jambo ambalo halipo, halafu lile lenye hatari ya kweli wanalipita juu juu. Kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: jamaa yupo Geelong, Australia, na viza ya 491 (ya muda, ya kuishi na kufanya kazi mikoani), mwaka wa pili, mke kamfuata kama mtegemezi, na anategemea baadaye kuomba 191, ndiyo viza ya PR (ukaazi wa kudumu). Kapata ofa ya kazi ya IT katikati ya Melbourne na anauliza, akiendelea kulala Geelong na kwenda kazini kwa treni, PR yake itakuwa salama? Anauliza pia kuhusu kile kipato cha chini cha dola 53,900, na kama mwajiri anaweza kumwombea PR mapema asisubiri miaka mitatu.

Mimi ni nesi, mtu wa Tanga, naishi Wodonga kwenye mpaka wa Victoria na New South Wales. 491 yangu ilitoka Agosti 2021 kwa kupendekezwa na jimbo la Victoria, 2024 nikaomba 191, na leo nina PR. Si wakala wala mwanasheria, nakueleza nilichopitia na ninachokiona kwa Waswahili wenzangu wa huku.

Tuanze na treni. Usiende, ndugu yangu. Fungua barua yako ya viza, sehemu ya masharti, utaona namba 8579. Sharti hilo linasema uishi, usome na ufanye kazi kwenye maeneo ya mikoani yaliyoorodheshwa. Vyote vitatu. Watu wengi wanashika hilo la kuishi tu, wanadhani ukishakuwa na mkataba wa pango Geelong umemaliza. Geelong ipo ndani ya orodha, Melbourne haipo. Ukipanda treni asubuhi ukashuka Southern Cross ukaingia ofisini, umelala mikoani na umefanya kazi mjini, na hapo sharti umelivunja hata kama kitanda chako hakijahama. Usijidanganye kwamba hawatajua. Mwajiri wa Australia anapeleka taarifa ya mshahara wako ATO (ndiyo TRA yao) kila anapokulipa, na mkataba wako utakuwa umeandikwa anwani ya ofisi. Ukifika wakati wa kuomba 191 utatakiwa kuonyesha kwamba ulifuata masharti ya viza uliyokuwa nayo, na wewe mwenyewe ndiye utakayeandika kwenye fomu ulifanya kazi wapi. Utaandika nini? Na viza ya 491 inaweza kufutwa kwa kuvunja masharti hata kabla hujafika kwenye 191.

Kwenda Melbourne kutembea ni kitu kingine. Nenda Footscray kanunue unga na dagaa, nenda harusini, kalale kwa shemeji wikiendi, hakuna anayekukataza. Mimi likizo nimekaa Sydney kwa raha zangu.

Maeneo yanahesabiwa kwa postikodi. Kwa kifupi Australia karibu yote ni mikoani ukiondoa Sydney, Melbourne na Brisbane pamoja na viunga vyake. Ndiyo maana Perth, Adelaide, Canberra, Hobart na Gold Coast, miji mikubwa kabisa, nayo inaingia. Ila pembezoni mwa Melbourne kuna mitaa inayoonekana shamba kabisa, ng'ombe unawaona dirishani, kumbe postikodi yake ni ya mji. Kabla hujasaini nyumba wala kazi, angalia namba kwenye orodha ya serikali, usiangalie ng'ombe.

Kuna mdau juu hapo kasema ukipendekezwa na Victoria huruhusiwi kutoka Victoria. Hapo kachanganya mambo mawili. Sharti la viza ni la serikali ya shirikisho na linakuruhusu eneo lolote la mikoani, jimbo lolote. Ahadi uliyosaini na jimbo lililokupendekeza ni suala lako na jimbo hilo. Huku kwetu jambo hili ni la kila siku, maana Wodonga ni 3690 Victoria, unavuka mto Murray unaingia Albury, 2640, New South Wales. Kuna wenzetu wanaishi ng'ambo moja na kufanya kazi ng'ambo nyingine na hawajasumbuliwa kwenye 191, kwa sababu postikodi zote mbili ni za mikoani. Mimi binafsi niliona ni uungwana kubaki upande ulionipendekeza, na jimbo kweli linakuandikia kukuuliza uko wapi na unafanya nini. Wajibu. Ila usiseme ni kosa la viza.

Sasa hiyo 53,900. Namba hiyo ilitajwa sana tangu viza hizi zilipoanza Novemba 2019, ikabaki vichwani mwa watu. 191 ilipofunguliwa tarehe 16 Novemba 2022 ilikuja bila kiwango cha chini cha mshahara. Wanachotaka ni hati za makadirio ya kodi kutoka ATO, wenyewe wanaziita NOA, za miaka mitatu ya kodi. Basi. Ninafanya kazi na dada mmoja ambaye wakala alimtisha kwa namba hiyo hadi akaacha kozi aliyokuwa anaisoma hapa hapa mikoani, akawa anabeba shifti za usiku mfululizo ili "afikishe". Amechoka mwili, kozi imekufa, na hiyo namba hakuna aliyemuuliza. Ukimlipa wakala, angalau hakikisha yumo kwenye rejista ya mawakala waliosajiliwa, na akikupa namba mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi.

Wanaokwama kwenye kodi wengi hawakwami kwa udogo wa mshahara. Wanakwama kwa sababu hawakuwasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), au wamelipwa mkononi. Kule mashambani Mildura na Shepparton kuna wanaochuma zabibu na pea kwa pesa taslimu, hakuna slipu, hakuna kodi, hakuna pensheni. Pesa ile inaliwa mwezi huo huo, lakini kwenye makaratasi mwaka mzima hukuwepo.

Mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni, kwa hiyo miaka mitatu ya viza na miaka mitatu ya kodi ni hesabu mbili tofauti, zote lazima zitimie. Kwangu ziliangukia pazuri. Viza ilikuwa inafikisha miaka mitatu Agosti 2024, mwaka wa kodi wa tatu ukaisha 30 Juni. Nilisubiri mwajiri afunge hesabu zake (mwisho wao ni 14 Julai), nikaingia myGov (tovuti ya huduma za serikali), nikawasilisha ritani, NOA ikatoka, na Agosti nikaomba. Mwenye viza iliyotoka Aprili hesabu yake ni nyingine, achukue kalenda akae nayo mezani. Ukijifanyia mwenyewe una hadi 31 Oktoba kuwasilisha, lakini kwa nini usubiri.

Kwenye makaratasi ndiko watu wanahangaika mwishoni wakati wangeanza siku ya kwanza. Fomu inataka anwani zako zote kwa tarehe, bila pengo. Jaribu sasa hivi kuandika ulihamia lini nyumba ya kwanza na ukatoka lini. Unaona? Wengi wetu tunaanzia chumba cha kwa mtu, jina haliko kwenye mkataba, bili ya umeme ni ya mwenye nyumba, na miezi sita ya mwanzo haina ushahidi wowote. Mimi nilipofikia kwa familia moja ya Kikongo hapa Wodonga nilimwomba mama mwenye nyumba aniandikie barua fupi yenye tarehe na sahihi, nikabadilisha anwani ya benki na ya leseni wiki hiyo hiyo. Barua ile ya nusu ukurasa niliipakia kwenye maombi, na kuhusu miezi ile hawakuniuliza chochote.

Baada ya hapo nilifungua folda moja kwenye kompyuta, ndani yake folda za kila mwaka wa kodi. Mikataba ya pango, slipu za mshahara, taarifa za mfuko wa pensheni, bili za maji na intaneti, barua za shule ya mtoto, NOA. Kazi niliyoacha nilidai barua ya mwajiri kabla sijatoka, yenye cheo, tarehe na anwani ya mahali pa kazi. Hiyo anwani isisitize. Kampuni nyingi makao makuu yako Melbourne au Sydney na barua inatoka na nembo ya huko, ukiisoma haraka unaonekana ulikuwa unafanya kazi mjini. Yangu ya kwanza ilikuja hivyo, nikairudisha, wakaongeza sentensi moja kwamba kazi ilifanyika Wodonga.

Halafu kuna sharti 8578 ambalo sijaona mtu akilitaja. Ukibadilisha makazi, simu, barua pepe, pasipoti, mwajiri au mahali pa kazi, unawajulisha Uhamiaji ndani ya siku 14. Ni dakika chache kwenye ImmiAccount, akaunti yako ya Uhamiaji mtandaoni. Piga picha ya ukurasa wa uthibitisho uweke kwenye folda.

Kuhusu mwajiri kukuombea PR mapema: haiwezekani. Mwenye 491 haruhusiwi kuomba viza nyingine za PR kama 186 (ya mwajiri), 189 (ya pointi) wala 190 (ya jimbo) mpaka viza yake itimize miaka mitatu. Ukitimiza miaka mitatu, njia rahisi ni 191 yenyewe. Haihitaji mwajiri wala jimbo, haina pointi, na huhitaji kualikwa, unaomba tu. Nilipolipa mimi ada ya mwombaji mkuu ilikuwa chini ya dola 500. Ukikumbuka ulivyolia kulipia 491, utacheka.

Mkeo naye sharti la 8579 linambana sawa na wewe. Umesema anataka kusoma Deakin. Vizuri, ila aangalie ni kampasi gani: Waurn Ponds na ile ya Waterfront ziko Geelong, ya Burwood iko Melbourne. Chuo kimoja, na kosa lipo kwenye kampasi moja tu. Na kama yeye ndiye mwenye NOA zilizonyooka kuliko zako, mtegemezi wa 491 naye anaweza kuwa mwombaji mkuu wa 191, wewe ukaingia chini yake. Kuna mzee mmoja hapa alikuwa anasoma muda mrefu, mama watoto anafanya kazi, wakaomba kwa jina la mama na mambo yakaenda.

Mkijaliwa mtoto kabla ya PR, akizaliwa hapa anapata viza mliyo nayo ninyi, hawi raia. Akizaliwa baada ya mmoja wenu kupata PR anazaliwa raia. Msipange uzazi kwa ajili ya hili, nawaambia tu ili msishangae.

Baada ya kutuma maombi, tulia ulipo. Kuna watu wakishabonyeza kutuma wanafunga mizigo kesho yake kwenda Melbourne, wanadhani wamevuka. Hapana. Mpaka 191 itoke wewe bado ni mtu wa 491 na masharti yako ni yale yale. Viza ina miaka mitano, ukiomba baada ya mitatu una nafasi ya kutosha ya kusubiri, na ukiomba ukiwa ndani ya nchi unapewa viza ya mpito itakayokushika kama 491 itaisha kabla hawajaamua. Kwangu ilichukua miezi kadhaa. Waliniomba cheti cha polisi wa shirikisho wa hapa. Cha Tanzania, angalia kwenye orodha yao ya makaratasi kama kinakuhusu.

PR ikitoka unaweza kwenda kokote, masharti yameisha. Kimatibabu sikuona tofauti, maana 491 tayari inakupa Medicare, bima ya afya ya serikali. Tofauti niliiona kwenye nyumba. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2027 wenye viza za muda wamezuiwa kununua nyumba zilizokwisha kutumika, mwenye PR hazuiwi. Na muda ulioishi na 491 unahesabiwa kwenye ile miaka minne ya uraia, mradi miezi 12 ya mwisho uwe na PR na usiwe umekaa nje kupita kiasi: mwaka mmoja kwa jumla ya minne, siku 90 kwa ule wa mwisho.

Sasa ofa yako. Kabla hujaikataa, waandikie HR kwa barua pepe uwaulize kama wana ofisi Geelong au mahali pengine mikoani, na kama mkataba unaweza kuandikwa kwamba kazi yote itafanyika hapo, siyo siku mbili hapo na tatu mjini. Wakikubali kwa maandishi, saini. Wakileta habari za "tutaona mbele ya safari", achana nao. TAC na WorkSafe, mashirika ya serikali ya Victoria ya ajali za barabarani na usalama kazini, wana makao makuu hapo hapo Geelong, na hospitali ya Barwon Health ina kitengo chake cha mifumo. Tuma CV huko wiki hii.

Walioniuliza PM kuhusu usajili wa AHPRA (chombo kinachosajili watu wa afya huku) kwa manesi waliosoma nyumbani, nimewaona. Naingia shifti saa tisa, nitafungua uzi wake kesho.