Barua kwa mwanangu: kitu hasa utakachorithi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna maana yoyote uache kazi yako uje kushika biashara ya kuuza magari aliyoianzisha babu yako, wakati siku hizi kiwanda kinaweza kumuuzia mtu gari kupitia simu bila wakala katikati. Ukaongeza: "Baba, nikija, narithi nini hasa?" Hilo la pili ndilo lililonikalisha macho, kwa sababu ukilijibu vizuri, la kwanza linajijibu.

Naanza na vile usivyorithi. Magari mapya unayoyaona yamepangwa yadini si yetu. Benki imeyalipia kiwandani, sisi tunalipa riba kila siku gari linapokaa bila mteja, na likiuzwa deni lake linarudishwa hapo hapo. Biashara hii imeishi kwa mkopo tangu utotoni mwake. Mwaka 1919 General Motors ilianzisha kampuni yake ya mikopo ili mawakala wapate fedha za kuweka magari dukani na wateja wapate za kuyanunua. Henry Ford alipobanwa na madeni wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1920 na 1921, aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza na kuwataka walipe. Anayekataa anapoteza uwakala. Wengi walikimbilia benki za mitaani kwao, na hivyo deni la kiwanda likageuka kuwa deni la familia.

Uwakala nao si mali yetu. Ni mkataba, na jina lililo juu ya mlango ni la kiwanda. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1956 ya kumpa wakala haki ya kukishtaki kiwanda kinachomwonea, lakini hata huko, Chrysler ilipofilisika mwaka 2009, mawakala 789 waliarifiwa katikati ya Mei kwamba mikataba yao inakatwa, na kabla ya katikati ya Juni ilikuwa imekwisha. Miongoni mwao zilikuwamo familia zilizouza magari ya kampuni hiyo tangu enzi za babu zao. Kila nikiisoma habari hiyo naumia kama ni ndugu zangu.

Na kuna jambo watoto wengi wa mawakala hawalijui hadi siku ya msiba: kwa kawaida mkataba hauhamii kwa mtoto kama nyumba au shamba. Mrithi anatakiwa kutajwa mapema kwa maandishi, na kiwanda kinampima, uzoefu wake na mtaji wake, ndipo kikubali. Baba anaweza kufa na kuacha duka zuri lisilo na haki ya kuuza hata gari moja jipya.

Sasa, kilichobaki. Kilichobaki ni gereji, na watu wanaoiamini.

Ukirudi mwanzoni kabisa utaona waliofungua maduka ya magari walikuwa watu wa spana, wahunzi, watengeneza mikokoteni, wauza baiskeli. William Metzger wa Detroit, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Marekani kufungua duka la magari mwishoni mwa karne ya 19, alitoka kwenye baiskeli. Babu yako naye aliingia kwa mlango huo huo. Aliziba pancha na kunyoosha rimu miaka mingi kabla hajaaminiwa na kiwanda, na alipopata uwakala wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wale wale aliowatengenezea baiskeli.

Halafu angalia nani alivuka nyakati ngumu. Mwaka 1927 Ford alisimamisha gari la Model T mwezi Mei, na gari lililochukua nafasi yake, Model A, halikuonyeshwa hadi Desemba. Fikiria miezi hiyo yote wakala hana gari jipya la kuuza! Wapo waliohamia kwa mshindani wake, Chevrolet. Waliobaki waliishi kwa matengenezo, vipuri na magari yaliyokwisha kutumika. Miaka 15 baadaye, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, utengenezaji wa magari ya kiraia Marekani ulisimamishwa Februari 1942 na haukurudi hadi 1945. Yadi zikabaki tupu. Lakini watu walikuwa na magari ya zamani ambayo lazima yatembee, na mwenye mafundi wazuri alikula kwa jasho lao.

Utaniambia gari la umeme halina oili ya injini wala plagi. Ni kweli, na kazi hiyo tutaipoteza. Lakini gari hilo ni zito kwa sababu ya betri, matairi yake huisha haraka, linagongwa kama mengine, na fundi asiyefundishwa kuhusu umeme mkubwa ule hapaswi kuligusa. Fundi huyo hana budi aajiriwe mahali fulani.

Wala usidhani wakala ni rafu tu ya kupangia bidhaa. Emil Jellinek, aliyewauzia matajiri wa mji wa Nice, Ufaransa, magari ya kiwanda cha Kijerumani cha Daimler, aliagiza magari 36 kwa mpigo mwaka 1900, akataka yatengenezwe mapya, marefu zaidi na ya chini zaidi, kwa sababu alijua wateja wake wanataka nini. Akataka pia yapewe jina la binti yake, Mercédès. Kiwanda kilimsikiliza muuzaji.

Basi jibu langu ni njoo, ila usianzie yadini. Anzia mapokezi ya gereji, pale mtu anapoleta gari lenye breki zinazolia na hajui kama atadanganywa. Ukikaa hapo mwaka mzima na bado ukaipenda kazi, nitakuandika kuwa mrithi kwenye mkataba.

Kuhusu nduguzo: ardhi na jengo nataka viwe vyao pia, biashara iwalipe kodi, lakini uamuzi wa dukani uwe wa anayefanya kazi dukani. Nimeona familia za mawakala zikigawana hisa sawa kwa sawa kati ya anayeamka alfajiri na anayesubiri gawio, zikaishia mahakamani.

Nakala ya mkataba nimeiweka kwenye bahasha hii. Soma kifungu cha urithi kwanza, kisha nipigie.

Baba yako