Glasgow: kura moja ya jimbo, moja ya kanda

Mkuu, umeuliza inakuwaje chama cha SNP wabebe majimbo yote 9 ya Glasgow, jiji la Uskoti, kwenye uchaguzi wa bunge la huko mwaka 2021, halafu kwenye viti vya kanda watoke mikono mitupu. Hawakuibiwa.

Bunge la Uskoti lina wabunge 129: 73 wa majimbo na 56 wa kanda 8, kila kanda viti 7. Unapewa karatasi mbili. Ya jimbo, anayeongoza ndiye mshindi, kama kwetu. Ya pili unachagua chama.

Hesabu yenyewe iko kwenye hiyo ya pili. Kura za chama kwenye kanda nzima hugawanywa kwa viti ambavyo chama kimeshapata, ukiongeza 1, na chenye jibu kubwa zaidi kinachukua kiti kinachofuata. SNP walikuwa na 9, kwa hiyo kura zao ziligawanywa kwa 10! Chama cha Labour hawakuwa na jimbo hata moja, zao zikabaki nzima. Wakipata kiti zinagawanywa kwa 2, kisha 3, hadi viti 7 viishe. Mwisho Labour 4, na vyama vya Conservative 2, Green 1.

Mimi naupenda mfumo huu. Bila karatasi ya pili, Glasgow yote ingewakilishwa na chama kimoja, na maelfu waliochagua vyama vingine wasingekuwa na wa kuwasemea.