Kugatua au kukosa kitovu? Swali la mwandishi kuhusu mitandao ya akili mnemba

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika habari za teknolojia zinazosomwa Tanzania na Kenya, na nimekwama kwenye sentensi moja inayohusu Bittensor, mtandao wa kompyuta za watu mbalimbali unaofanya kazi za akili mnemba na kulipa kwa sarafu yake ya kidijitali. Niliandika hivi: “Mtandao wa akili mnemba uliogatuliwa wa Bittensor huwapa wachimbaji motisha ya tokeni ili washindane na maabara zilizo katikati.” Mhariri wangu, ambaye ni Mkenya, anasema kugatua ni neno la serikali na kaunti, nisilipeleke kwenye kompyuta. Mwenzangu mwingine anasema kugatua hakuna ubaya, ila tokeni ndiyo itakayowapoteza wasomaji. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mhariri wako ameona tatizo, ingawa sababu aliyoitoa siyo ambayo ningeitoa mimi, na mwenzako naye ana hoja nzito. Sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja. Kasoro yake ni kwamba msomaji asiyeujua mtandao huo ataimaliza akiwa na picha ya kitu kingine kabisa, na kwa kuwa habari hizi zinahusu fedha za watu, picha potofu inaweza kumgharimu.

Tuanze na kugatua. Hakuna sheria inayolifungia neno ndani ya ofisi za serikali, na Kiswahili kimekopesha maneno mengi kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine bila madhara. Ni kweli kwamba tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ianzishe kaunti 47, ugatuzi umekuwa neno la sokoni na la matatu, na kwamba Tanzania nayo husema ugatuaji wa madaraka, jambo lililokwisha kujaribiwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Lakini tazama kilichomo ndani ya mifano yote miwili: palikuwa na mwenye madaraka, naye akayashusha. Nairobi ilikuwa nayo kabla ya Kilifi na Garissa, na Dar es Salaam ilikuwa nayo kabla ya mikoa. Kugatua kunadai mtoaji, mpokeaji, na kitu kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Sarufi yenyewe inalisisitiza hilo. Ukisema mlango umefunguliwa, msikilizaji anajua yupo aliyeufungua, hata kama hukumtaja. Ukisema mlango umefunguka, hujamtia mtu yeyote hatiani. Kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi, na msomaji makini ataijaza. Kwa hiyo “mtandao uliogatuliwa” unaleta swali moja kwa moja: umegatuliwa na nani? Waanzilishi wa mitandao ya aina hii hudai kwamba haikuwahi kuwa mali ya mtu mmoja aliyeamua kuigawa, bali ilijengwa tangu mwanzo ili asiwepo mwenye neno la mwisho. Neno lako linapingana na dai lao kabla hujalieleza, na mwandishi wa habari hapaswi kupinga dai kwa bahati mbaya. Akitaka kulipinga, alipinge kwa ushahidi.

Ndiyo maana mimi hutumia maneno mawili tofauti, na huyatenga kwa uangalifu: uliotawanyika na usio na kitovu. La kwanza linahusu mahali mitambo ilipo. La pili linahusu mamlaka. Waandishi wengi huyachukua kama pacha, na hapo ndipo habari zao zinapoharibika, kwa sababu mtandao unaweza kuwa na sifa moja ukaikosa nyingine.

Chukua INTELLECT-1, modeli ya lugha (programu ya akili mnemba inayosoma na kuandika maandishi) yenye vigezo bilioni 10, yaani namba za ndani zinazoamua majibu yake, ambayo kampuni ya Prime Intellect iliitoa Novemba 2024. Ilifundishwa kwa kompyuta zilizokuwa katika mabara matatu, zikichangiwa na watu na taasisi mbalimbali, badala ya kurundikwa katika jengo moja kama ilivyo desturi ya kampuni kubwa. Hayo ni mafanikio ya kweli ya kiufundi, kwa sababu kompyuta zinazofundisha modeli moja hulazimika kupelekeana matokeo ya hesabu zao mara kwa mara, na intaneti ya kawaida ni nyembamba mno ikilinganishwa na nyaya za ndani ya jengo. Hata hivyo kampuni moja ndiyo iliyopanga kazi na kuiratibu. Ufundishaji huo ulitawanyika, naam, lakini kitovu kilikuwepo na kilikuwa na jina. Uandike “uliotawanyika”, nawe utakuwa umesema kweli yote inayotakiwa.

Bittensor ni kisa kigumu zaidi. Mtandao huo umegawanyika katika mitandao midogo mingi, kila mmoja ukiwa na kazi yake: huu hutoa majibu ya maandishi, ule huuza uwezo wa kompyuta, mwingine hufundisha modeli. (Nakuomba usiiite vijimtandao, maana kiambishi hicho kinadunisha. Tunayo kampuni tanzu. Basi na tuseme mtandao tanzu.) Anayetaka kutoa huduma hujiunga na mtandao tanzu kwa programu na kompyuta zake, bila usaili wala mkataba wa ajira. Kwa kipimo hicho, hana mwajiri na hakuna ofisi ya kumkatalia. Lakini Julai 2024, baada ya wizi wa sarafu za watumiaji kadhaa zenye thamani ya takriban dola milioni 8, taasisi ya Opentensor Foundation iliyokuwa ikiusimamia mnyororo wa kumbukumbu za mtandao huo (blockchain, yaani daftari la pamoja la miamala yake) ilisimamisha miamala kwa muda. Sisemi walikosea, aliyeibiwa atawashukuru. Nasema tu kwamba kinachoweza kusimamishwa kwa uamuzi wa taasisi moja hakijakosa kitovu, angalau katika sehemu hiyo na katika wakati huo.

Na hapa, kwa haki kabisa, nalirudisha neno lako. Ikiwa taasisi ya namna hiyo inashika usukani leo na imeahidi kuukabidhi kwa wengi kesho, basi ipo iliyo nayo na itakayotoa, na kugatua kunakaa mahali pake barabara: “taasisi hiyo imeahidi kugatua usimamizi wa mnyororo.” Mhariri wako asikunyime sentensi hiyo. Ataona mwenyewe kwamba inafanana mno na habari za kaunti alizozoea kuzisoma.

Kuna wanaopendekeza “mtandao shirikishi”. Ni neno tamu, ila linaficha ushindani. Mtandao tanzu wa Bittensor wenye nafasi 256 hauwapokei wote wakae kwa amani: anayejiunga nafasi zikiwa zimejaa humsukuma nje aliye na alama za chini. Ushirika wa kahawa hauendeshwi hivyo.

Sasa tokeni. Mwenzako ana haki ya kuogopa, pengine kuliko anavyojua. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya tokeni ni tarakimu 20 zinazokuja kwenye simu baada ya kulipia umeme, ambazo mtu huzibonyeza moja moja kwenye mita iliyo ukutani, tochi ikiwa mdomoni kama giza limekwisha kuingia, na zikishakubaliwa hazina kazi tena. Hakuna anayezihifadhi akitumaini zitapanda bei. Ukimwambia msomaji huyo kwamba watu wanalipwa tokeni, ama atadhani wanalipwa umeme, ama atadhani wanalipwa kitu kinachokwisha kwa kutumiwa mara moja.

Tatizo haliishii hapo, kwa sababu wataalamu wa akili mnemba wana tokeni yao nyingine: kipande cha neno au cha sentensi ambacho modeli hukisoma kama kitu kimoja. INTELLECT-1 ilifundishwa kwa tokeni trilioni 1 za aina hii. Hebu fikiria makala yako ikisema katika aya moja kwamba modeli imefundishwa kwa tokeni trilioni 1, na katika aya inayofuata kwamba wafundishaji wa mtandao mwingine wamelipwa tokeni. Msomaji atafanya hesabu ambayo wewe hukuikusudia. Ushauri wangu ni kuiachia akili mnemba neno tokeni, ukilieleza mara ya kwanza linapotokea, na kwa malipo utumie sarafu. TAO ya Bittensor ni sarafu kwa maana tunayoielewa: ina kikomo cha milioni 21 kama Bitcoin, inahesabika, inauzwa na inanunuliwa. Zilikuwa zikizalishwa TAO 7,200 kwa siku, yaani moja kwa kila sekunde 12 hivi, hadi Desemba 2025 kiwango hicho kilipopunguzwa kwa nusu.

Takwimu hizo ndizo zinazonifanya nisite kuhusu motisha. Katika ofisi zetu motisha ni nyongeza: mshahara upo, na juu yake kuna posho ya kumtia mtu ari. Mtoa huduma wa Bittensor hana mshahara wa kuongezewa. Anachopata kutokana na sarafu zinazozalishwa ndicho chakula chake chote. Huo ni ujira. Motisha libaki kuwa neno la kuuelezea mfumo mzima ukitazamwa kwa juu, mfano “mtandao unaotegemea motisha ya sarafu”, lakini linapokuja suala la mtu na kazi yake, andika kwamba amelipwa. Na ukipata nafasi mweleze msomaji kwamba sehemu kubwa ya ujira huo hutoka kwenye sarafu mpya badala ya mifuko ya wateja, maana neno “kulipwa” pekee litamfanya adhani kuna mnunuzi upande wa pili.

Kuhusu wachimbaji, nilifanya jaribio ambalo hulifanya kila ninapopewa sentensi ya namna hii. Nilimsomea jirani yangu, mama anayeuza dawa za mifugo na asiye na habari na mambo ya sarafu za mtandaoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: “Wanachimba nini?” Ni swali la haki kabisa. Waraka wa 2008 ulioieleza Bitcoin uliufananisha utoaji wa sarafu mpya na kazi ya wachimba dhahabu, wanaotumia nguvu na mali ili dhahabu iongezeke katika mzunguko, na mlinganisho huo una maana kule ambako kompyuta hutwanga hesabu usiku na mchana zikitafuta namba moja. Bittensor imerithi jina bila kurithi kazi. “Mchimbaji” wake anajibu maswali, anatabiri bei, anakodisha kompyuta. Kwa msomaji wa Geita, Mererani au Kolwezi, ambaye mchimbaji ni mtu anayemjua kwa vumbi lake, neno hilo halibebi chochote hapa. Mwite mtoa huduma, kisha utaje mara moja kwamba wenyewe hujiita wachimbaji, ili atakayekutana na jina hilo kwingine asipotee.

Anayempima mtoa huduma, watu wa Bittensor humwita mthibitishaji. Kwa Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, neno hilo linatosha, kwani kazi yake ni kuthibitisha kwamba muamala ni halali au si halali. Kwa Bittensor halitoshi, kwa kuwa huyu hutoa alama, akisema kazi hii ni bora kuliko ile, na mfumo unazikusanya alama za wenzake wote na kuzipima kwa uzito wa sarafu walizoziweka. Mtu anayetoa alama sisi tunamwita mtahini. Natamani neno hili litumike, kwa sababu linamfanya msomaji aulize maswali yanayostahili: mtahini anajuaje kwamba jibu ni zuri? Je, anaweza kula njama na mtahiniwa? Kizazi kilichokulia kwenye mitihani ya taifa hakihitaji kufafanuliwa hatari hiyo.

Hizo sarafu zilizowekwa usiziite dau. Dau ni la kamari, na ukiliandika umekwisha kutoa hukumu; wako wanaosema biashara yote hii ni kamari, nao waachwe waseme kwa sauti yao wenyewe. Kwenye Ethereum, ambako tangu Septemba 2022 mthibitishaji huweka angalau sarafu 32 na anaweza kunyang’anywa sehemu yake akidanganya, neno ni dhamana, kama ile ya mahakamani. Kwa mwenye TAO anayemkabidhi mtahini sarafu zake ili kumwongezea uzito, amana linafaa zaidi.

Maabara zilizo katikati nalipitia kwa haraka: kilicho katikati kina vitu pande mbili, kama nyumba iliyo katikati ya duka na msikiti. Ulikusudia OpenAI, Google na wenzao, basi waite kampuni kubwa za akili mnemba, utaeleweka. Ningeiandika sentensi yako hivi:

“Bittensor ni mtandao wa akili mnemba ambao kazi yake hufanywa na watu waliotawanyika duniani, bila kampuni moja kuwaajiri. Watoa huduma hao, ambao wenyewe hujiita wachimbaji, hupewa alama na watahini na hulipwa kwa sarafu ya mtandao huo iitwayo TAO. Waanzilishi wake wanataka kazi hiyo ichuane na ya kampuni kubwa kama OpenAI na Google.”

Ni ndefu karibu mara tatu ya yako, na sioni njia ya kuifupisha bila kumnyima msomaji kitu. Nimejizuia kuandika “usio na kitovu” kwa sababu nililokueleza. Ukitaka kuliandika, andika kwamba ndivyo waanzilishi wanavyouita.

Jambo la mwisho nimeliona katika aya uliyoiambatisha, pale ulipoandika “Bittensor imetangaza”. Upatanisho wa kisarufi hauna shida kubwa: ukiwaza kampuni utasema imetangaza, ukiwaza mtandao utasema umetangaza. Shida ni kitenzi. Mtandao usio na msemaji hautangazi kitu. Kama tangazo limetoka kwa Opentensor Foundation, iandike taasisi hiyo kwa jina lake. Kama limetoka kwa mmiliki wa mtandao tanzu mmoja, mtaje yeye na mtandao wake, ili msomaji anayeweka fedha zake ajue ni kauli ya nani anayoifuata.