Wasomaji Wanauliza: Chuki Dhidi ya Mayahudi, Mtu wa Kujitolea Aanzie Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha sekondari hapa Wete na nasimamia vijana 12 wa kujitolea katika kamati ya amani ya shehia. Nasikia Mayahudi wa Uingereza huwafunza viongozi wao wa kujitolea kukabili chuki wanayofanyiwa. Hufunzwa nini, na sisi tuchukue lipi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. La mwanzo ni kurikodi, kabla ya kumjibu mtu yeyote. Shirika la CST, linalolinda Mayahudi wa Uingereza kwa kutegemea sana watu wa kujitolea, lina rikodi za matukio tangu 1984, na hizo ndizo zinazolipa kauli mbele ya polisi. Faida haikubaki kwao peke yao. Tell MAMA ilipoanzishwa mwaka 2012 kurikodi chuki dhidi ya Waislamu wa Uingereza, CST iliisaidia kwa uzoefu wake.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja: siku, saa, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwapo, na aliyelengwa anataka nini. Kuandika "kuna mtu kawatukana Mayahudi kwenye kundi" hakumsaidii mtu. Andikeni hivi: "Jumanne, saa 4:40 usiku, kundi la wazazi, sauti ya dakika 2, inasema yule mgeni asiuziwe samaki kwa kuwa ni Yahudi." Skrinishoti ichukuliwe hapo hapo, ioneshe tarehe na nambari ya aliyetuma, kwani ujumbe ukishafutwa hamna tena cha kuonesha. Kipengele cha mwisho ndicho kinachorukwa sana, na kuruka kwake kunaumiza: kamati inatoa tamko kwa niaba ya mtu aliyetaka tu kuachwa apumzike.

La pili ni kupambanua, na hapa ndipo pa kutumia muda. Kikao cha saa 3 kinatosha. Watu 12 ni idadi nzuri. Wakizidi 15, wanyamavu hawasemi kitu. Tengenezeni kadi 8, kila moja na sentensi moja, muwape watu watatu watatu. Wasome kimya dakika 2, kisha waziweke mafungu: hatari, chuki, ujinga, siasa.

Kadi ya kwanza iseme: "Serikali ya Israel inawadhulumu watu wa Gaza." Hiyo ni siasa, na mtu ana haki ya kuisema kwa sauti. Ya pili: "Mayahudi wote wana damu ya watoto mikononi." Hapo analaumiwa kila Myahudi, hata bibi wa Mbale, Uganda, anakoishi na Abayudaya (Mayahudi wa Uganda) wenzake, tena kwa uzushi ule ule wa kuwasingizia Mayahudi mauaji ya watoto, uliozuka Norwich, Uingereza, baada ya kifo cha mtoto mmoja mwaka 1144. Ya tatu ndiyo ngumu: "Wazayuni wanamiliki mabenki yote ya dunia." Vijana wengi wataiweka kwenye siasa kwa sababu ya neno Wazayuni. Waambieni walitoe neno hilo waweke Mayahudi, waone kama sentensi imebadilika. Haikubadilika, ni uzushi wa zamani uliovishwa kanzu mpya.

Watagombana, na waachwe wagombane. Hata maana ya chuki dhidi ya Mayahudi iliyotolewa mwaka 2016 na IHRA, umoja wa nchi unaohifadhi kumbukumbu ya mauaji ya halaiki ya Mayahudi, na inayotumiwa na serikali nyingi, inasema kuikosoa Israel kama inavyokosolewa nchi nyingine si chuki dhidi ya Mayahudi, na bado wapo wanaolalamika kwamba mifano yake hutumiwa kuwaziba midomo watetezi wa Wapalestina. Kamati inayoita kila kitu chuki haitasikilizwa siku chuki yenyewe ikifika. Na kamati isiyoiona popote imeshachagua upande.

SWALI: Kundi letu la waongoza watalii Mji Mkongwe limetumiwa sauti inayosema kipo kitabu ambamo Mayahudi wameandika mpango wao wa kuitawala dunia. Aliyeituma ni mtu mzima wa heshima. Nimjibu vipi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Mwandikie faraghani, si kundini. Mtu mzima akikosolewa mbele ya vijana hutetea heshima yake, si hoja yake. Anza na ukweli, utaje uwongo mara moja tu, umalizie kwa ukweli: "Shikamoo mzee. Kitabu kile, kiitwacho Protocols of the Elders of Zion, ni cha kughushi. Kilitolewa Urusi mwaka 1903 kikidai ni mpango wa Mayahudi, na mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionesha kwamba kurasa nyingi zimenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kilichompinga Napoleon III, kisichowahusu Mayahudi kabisa." Kisha mkumbushe Suratul Maida, aya ya 8: chuki juu ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Usiirushe tena sauti ile, hata kwa nia ya kuipinga. Wapo watakaosikiliza sauti na wasisome jibu.

SWALI: Mgeni akitishiwa hasa, kamati ifanye nini?
Mfanyakazi wa hoteli, Nungwi

JIBU: Kitisho kinachotaja mtu, mahali au saa si kazi ya kamati. Pigeni 112, kisha mwambieni sheha. Msifute kitu, wala msitaje chumba chake kwa yeyote.

Mazoezi yafanywe mapema. Tarehe 15 Januari 2022, watu 4 walishikwa mateka katika sinagogi ya Colleyville, Texas. Mmoja aliachiwa, baada ya takriban saa 11 rabi (kiongozi wa dini wa Kiyahudi) alimrushia kiti mwenye bunduki na wote watatu waliobaki wakatoka mbio. Rabi huyo alisema mafunzo ya usalama aliyopata ndiyo yaliyomsaidia. Basi mnapokutana ukumbini, hesabuni milango, na mjue upi umefungwa na ufunguo anao nani.