Chama, tajiri na daftari la getini

Kila kundi la vijana wapya likiingia yadi, hakosi mmoja wa kuniuliza saa ya chai, tumeketi juu ya mbao za mizigo, kila mtu na mahamri yake: "Ami, kampuni ina mwenyewe. Pesa zake, mashine zake. Hicho chama cha wafanyakazi kinaingia wapi? Si nchi ya biashara huria hii?" Nimefanya kazi za makontena hapa Mombasa, Changamwe na Kilindini, zaidi ya miaka ishirini, na tisa kati ya hiyo nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Swali si la kijinga. Nilipokuwa mgeni mimi mwenyewe nililijibu vibaya mbele ya meneja, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Anza na kile unachouza. Mama wa soko la Kongowea anauza nyanya. Wewe ukipita geti unauza saa zako nane na mgongo wako. Yeye akiona bei ya asubuhi ni mbaya, atazipakia kwenye mkokoteni azipeleke kwingine, au angoje jioni. Saa yako ya leo isiponunuliwa imekwenda, na kodi ya nyumba Mikindani haijui kama ulipata kazi au hukupata. Ukiingia peke yako kupatana bei na mtu anayeweza kungoja kuliko wewe, umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Halafu huyo unayemwita "mwenyewe", mara nyingi si mtu mmoja. Ni wenye hisa kadhaa waliochanga mitaji ili wapate nguvu ambayo hakuna aliyekuwa nayo peke yake, na sheria ikawapa jina moja na muhuri mmoja. Hakuna anayesema hilo linavuruga soko. Wenye mikono wakichanga mikono yao, ghafla inakuwa siasa!

Matajiri, yaani waajiri, walipinga vyama kwanza, hilo ni kweli. Uingereza, nchi ya viwanda vya mwanzo, kuungana kudai mshahara kulikuwa kosa la jinai chini ya sheria za 1799 na 1800, mpaka zikafutwa 1824. Viwanda havikufungwa kwa sababu hiyo. Ujerumani, tangu sheria ya 1976, kampuni kubwa yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wawakilishi wa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Msidhani wamegawiwa kampuni bure: mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa, ndiye mwenye kura ya kukata sare. Lakini ni nchi ya kibepari, na magari yao tunayaona yakishuka melini hapa hapa.

Ukitaka kuona chama kisicho na meno, tazama zile nchi zilizosema zimewaondoa matajiri. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na vyama vyenye mamilioni ya wanachama, ila aliyegoma alihesabiwa kuwa anaigomea serikali yake mwenyewe. Hapa jirani, Tanganyika, shirikisho la vyama lilivunjwa 1964 baada ya maasi ya jeshi, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na rais. Sasa serikali ikiwa ndiyo tajiri na ndiyo chama, utapatana na nani? Kwa maoni yangu chama huru ni mtoto wa soko, hata kama ni mtoto mtundu. Wako wenzangu wanaosema chama kikishakaa meza moja na tajiri kimeshanunuliwa. Tumebishana nao barazani mpaka muuza kahawa akafunga dele lake akaenda zake.

Turudi kwa meneja. Mara yangu ya kwanza kwenye mapatano, kampuni nitaiacha bila jina, tuliomba nyongeza ya asilimia arobaini. Tuliipata wapi? Tulikaa usiku kwenye chumba cha mwenzetu Magongo, tukajumlisha unga, kodi, karo na nauli ya matatu, tukatoa mshahara, pengo likawa ndilo dai letu. Ilikuwa hesabu ya kweli kabisa, hesabu ya njaa. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akauliza: "Yadi hii inatoa makontena mangapi kwa siku?" Tukatazamana. Mimi niliyekuwa nikikagua lakiri za makontena yale kila siku sikuwa na jibu. "Basi mnaniomba sehemu ya kitu msichojua ukubwa wake," akasema, wala hakupandisha sauti. Tulitoka na asilimia tano.

Niliona haya wiki nzima, kisha nikanunua daftari la kurasa 96. Mlinzi wa getini tulikuwa tukiswali pamoja, tukaelewana. Kila kontena lililotoka lilipigwa mstari: minne wima, wa tano ukiikata, vile vile makuli wa zamani walivyohesabu magunia. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mistari. Wa kulia niliandika tulikuwa wangapi kazini siku hiyo na ovataimu saa ngapi. Mvua ya Mei ilinyesha daftari likavimba, tukalianika juu ya boneti ya lori. Baada ya miezi mitano mtoto wa darasa la sita angeweza kuisoma hali ilivyo: mistari inaongezeka, idadi ya watu inapungua. Tuliporudi mezani sikutaja unga hata mara moja. Meneja akabishana na mistari, akaagiza rekodi zake mwenyewe ziletwe ili anikosoe, na rekodi zake zikatuzidi sisi kwa makontena kadhaa. Siku hiyo tulipata zaidi ya mara mbili ya ile asilimia tano, na posho ya usiku juu.

Kilichonichekesha baadaye ni kwamba sikuwa na haja ya kuviziavizia getini. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, inamlazimu mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohusika ili kiweze kupatana ipasavyo. Kifungu cha 54 kinamtaka akitambue chama ambacho zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama wamejiunga nacho. Someni, jamani. Nyinyi mna simu zenye intaneti; mimi nilikuwa na mlinzi.

Na mgomo je? Upo kwenye Katiba, kifungu cha 41, na mji huu unaujua kuliko mji wowote Kenya. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini hapa Mombasa, makuli, wa reli, mpaka wapishi wa nyumba za Wazungu, mji ukasimama karibu wiki mbili. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishiwa Baringo. Mshahara ulipanda hata hivyo. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kusaidia kupatanisha, wakapata asilimia 33. Kinachonivutia ni hiki: katika miaka hiyo hiyo ya 1950 serikali na kampuni za bandari ziliamua afadhali kuwa na makuli walioandikishwa, wanaojulikana, wenye chama cha kuzungumza nacho, kuliko kundi la vibarua wapya kila asubuhi. Mabepari wale hawakuamka wamekuwa wema. Meli iliyokaa nangani inakula pesa, na mtu mmoja wa kupatana naye ni rahisi kuliko watu elfu wenye hasira. Siku hizi mgomo una utaratibu: kwanza usuluhishi, ukishindikana notisi ya maandishi ya siku saba. Ukiruka hatua hizo, mahakama itakuzuia na mwajiri atakuandikia barua.

Nasi tumewahi kukosea. Ilipoletwa mashine kubwa ya kunyanyulia makontena tuliikataa, tukidhani tunalinda kazi. Kampuni ikaipeleka kwenye yadi yao nyingine, na mizigo ikaifuata. Tungepatana nani afundishwe kuiendesha na anayeondoka alipwe nini, tungebaki na kitu. Wako pia viongozi wa chama wanaokula na tajiri mchana na kutuhubiria jioni. Hao dawa yao ni uchaguzi wa tawi, nendeni mpige kura hata kama mmechoka.

Nisichoweza kuwadanganya ni hili la vibarua. Hapo ndipo soko linapokipiga chama chenga. Wengi wenu hamkuajiriwa na yadi. Mmeletwa na wakala, na wakala hubadilishwa jina kabla hamjajiunga na chama kwa wingi unaotakiwa. Kijana anafanya kazi siku ishirini na tano, anaambiwa pumzika, anarudishwa kama mpya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, au anayefanya kazi isiyoweza kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Lakini mbele ya afisa wa kazi utaulizwa ushahidi, na kadi ya kibarua hukusanywa Jumamosi jioni na hairudi. Kwa hiyo ipige picha kila asubuhi kabla hujaivaa shingoni, na uandike pembeni jina la msimamizi wa siku hiyo na namba ya kontena la kwanza mlilofungua.