Maswali na majibu: Moshi huu umetoka wapi?

Nina kihisi kimoja cha PM2.5 (chembe laini za hewani zisizozidi mikromita 2.5) na data za mwaka mzima. Kinaweza kunionyesha kama uchafu ni wa magari au wa kuni?

Chenyewe hakiwezi. Kihisi cha leza hupima mwanga unaotawanywa na chembe; hakijui chembe imetokana na nini. Utapata dalili tu: kilele cha asubuhi siku za kazi kinachopungua Jumapili huelekeza kwenye magari. Kilele cha usiku kisikudanganye. Jua likizama hewa ya chini hutulia, na moshi uleule hujibana karibu na ardhi.

Msimu wa mvua vipimo vinapanda, ingawa anga ni safi. Kwa nini?

Unyevu ukizidi takriban asilimia 80, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kihisi huzihesabu kubwa kuliko zilivyo. Kiweke kando ya kituo rejea (kituo chenye vifaa sahihi vya kulinganishia) kwa wiki kadhaa, kiangazi na masika, kisha urekebishe kwa rigresheni, yaani mlinganyo unaokadiria kipimo sahihi, yenye unyevu na joto. Kazi hii hutangulia nyingine zote.

Wastani wa mwelekeo wa upepo unanitoka kinyume kabisa.

Nyuzi 350 na nyuzi 10 zote ni kaskazini, lakini wastani wa kawaida unatoa 180, yaani kusini. Geuza kila pimo kuwa sini na kosini, tafuta wastani wa kila moja, kisha rudi kwenye nyuzi kwa atan2, fomula inayotoa pembe kutokana na sini na kosini. Vipimo vya upepo ulio chini ya mita 0.5 kwa sekunde viache nje.

Maabara imenipa viwango vya madini na kemikali katika vichujio vyangu vilivyonasa chembe za hewa. Nifanyeje nipate vyanzo?

Hapa ndipo penye utamu. Tumia PMF (Positive Matrix Factorization), mbinu ya hesabu iliyochapishwa na Paatero na Tapper mwaka 1994. Huligawa jedwali lako katika majedwali mawili: muundo wa kila chanzo, na mchango wake kila siku, bila namba hasi. Sampuli 100 ni mwanzo mzuri. Kila thamani iambatane na kiwango cha mashaka yake. Zilizo chini ya kikomo cha kugundua cha kifaa (kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuonekana) usizifute: weka nusu ya kikomo hicho, na mashaka ya 5/6 ya kikomo.

Jaribu vyanzo vitatu hadi vinane, kila idadi mara nyingi, ukianza hesabu kwa namba tofauti. Kompyuta haitoi majina, unayatoa wewe. Levoglukosani, aina ya sukari iliyomo kwenye moshi, hutokana na selulosi iliyoungua, basi ni kuni au majani. Vanadi na nikeli zikiandamana, fikiria mafuta mazito ya meli, ingawa alama hiyo imefifia tangu kanuni ya mwaka 2020 iliyopunguza salfa kwenye mafuta ya meli. Alumini, silikoni na kalsiamu ni vumbi. Potasiamu peke yake isikutoshe, maana imo pia kwenye vumbi na chumvi ya bahari.

Ukiomba vyanzo vingi mno, kimoja hupasuka viwili. Na vyanzo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja kwa sababu ya hali ya hewa hutoka kama kimoja. Hapo hesabu pekee haitavitenganisha, rudi kwenye data za upepo.

Modeli yangu ya miti ya maamuzi, inayojifunza kutabiri uchafu kutokana na data, inapata R² (kipimo cha usahihi; 1 ni kamili) ya 0.95, ila mwezi unaofuata inaanguka.

Bila shaka ulichanganya saa ovyo kabla ya kugawa data. Saa mbili na saa tatu za siku moja karibu zinafanana, hivyo modeli iliona majibu mapema. Tenga wiki nzima nzima, au kituo kizima, kwa majaribio.